Jiwe Langu Lilivyoombewa Kabla Yangu

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye bombani ananiuliza swali lilelile: Mama Sabina, huo utajiri mlioufuata mmerudi nao? Tena akiuliza ananiangalia mikononi. Nimechoka kujibu mmoja mmoja nikiwa na ndoo kichwani, kwa hiyo nimeamua kuandika, na binti yangu Sabina atawasomea wale wanaotoroka darasa la watu wazima. Asiyependa habari za chakula aondoke mapema, maana supu imo.

Nyie mnaosafiri kwa treni hadi Mwanza mtanicheka. Mie nimekwenda mbele kidogo ya Gongo la Mboto, basi, na imenichukua siku tatu kwenda na kurudi.

Chanzo mnakijua. Mchungaji alisoma barua kanisani kwamba kule misheni ya Kilimani kutakuwa na semina, mhubiri ni mzee kutoka Upareni, na somo ni utajiri wa kiroho aliowekewa kila muumini. Barua ilisema Wakristo wengi tunaishi kimaskini rohoni huku amani, furaha, msamaha na nguvu ya kuomba vimejaa ghalani mwa Mungu, vinatungoja sie. Sasa watu wa Mbagala tunajijua. Tukisikia ghala limejaa hatuulizi limejaa nini, tunaulizana foleni inaanza saa ngapi. Kanisa zima lilisimama kabla ya amina. Ikabidi Mchungaji apaze sauti asome mstari wa mwisho, kwamba kila usharika upeleke watu watatu tu.

Akachaguliwa Bi Adelina kwa heshima ya umri wake. Nikachaguliwa mie kwa sababu ya mdomo, ili nirudi niwasimulie. Wa tatu, Mchungaji akasema, ni Ndugu Hilari, maana anajua kuandika orodha. Nikaketi chini kama niliyekatwa miguu.

Kwa mliohamia juzi nieleze. Ndugu Hilari ndiye aliyekuwa muuzaji wa duka letu la ushirika. Miaka minne iliyopita, mume wangu alipofariki, nilikwenda dukani kwake nimevaa kaniki, barua ya balozi wa nyumba kumi mkononi, nikaomba sukari ya chai ya waombolezaji. Akaniambia imekwisha. Mashemeji zangu waliotoka Masasi, siku tatu njiani, wakanywa chai ya chumvi, na mpaka leo huko kwao inasemwa kwamba mjane alimzika ndugu yao kwa ubahili. Kesho yake nikauona kwa macho yangu haya mfuko wa sukari ukitoka mlango wa nyuma wa duka. Mchungaji ametukalisha mara mbili tupatane. Mara zote mbili Ndugu Hilari aliinamisha kichwa akasema kwa upole kwamba ilikuwa imekwisha, mama.

Tangu siku hizo, tukisali ile sala aliyotufundisha Bwana, tukifika pale pa kuwasamehe waliotukosea, mie nanyamaza. Nawaacha wenzangu wapite, halafu nadakia pale kwenye majaribu. Mwanzoni nilinyamazia kifungu hicho kimoja tu. Baadaye nikaona na vingine vinakauka, mpaka ikawa nikipiga magoti peke yangu nahesabu nyufa za ukuta. Niwaambie ukweli, niliogopa. Mume nilikuwa nimeshamzika, sikutaka na Mungu naye anipotee. Nikasema kama huko Kilimani kweli kuna ghala, nitakwenda hata kama ni foleni moja na Hilari, niombewe, kitu hiki kinitoke.

Mbagala mpaka Temeke

Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Shomari, ni Mwislamu wa swala tano, lakini kwenye mambo ya mgao hana ubaguzi. Aliposikia tunakwenda mahali ambapo kitu kinapatikana alikataa katakata tuondoke bila barua. Nilimweleza kwamba hiki ni kitu cha rohoni. Akasema hata mafuta ya taa wakubwa walianza hivyohivyo, kwa maneno mazuri, na waliokwenda bila barua walirudi na chupa tupu. Akaketi akaandika kwamba wachukua barua hii ni wakazi wake halali, wenye tabia njema, na anaomba wapewe mgao wao wa utajiri wa kiroho kulingana na idadi ya watu katika kaya. Kwangu akaandika sita. Tuko wanne, lakini Mzee Shomari ana huruma.

Bi Adelina naye akaja na kikapu kikubwa, kitupu. Nikamwambia Bi Adelina, shikamoo, lakini hivi vitu havibebwi kikapuni. Akaniitikia marahaba, akasema mimi bado mtoto, na siku nitakayokuta kinagawiwa nami sina chombo nitamkumbuka.

Basi lilikuja saa nne. Ndugu Hilari aliketi mbele, mie nyuma, Bi Adelina katikati yetu kama bodi ya upatanishi. Tulizungumza kupitia kwake. Nikimwambia Bi Adelina amwambie Ndugu Hilari afunge dirisha, Ndugu Hilari anafunga kabla hajaambiwa, halafu Bi Adelina anamwambia hata hivyo, kwa kuwa ameagizwa. Tulipofika Temeke dereva alizima gari, akateremka, akalizunguka mara moja na kusema limefika mwisho wa uwezo wake. Hakutuomba radhi, na wala hatukuitegemea.

Temeke, tulikopata sabuni

Tuliketi barazani kwa duka moja lililofungwa tukingoja basi jingine. Hapa naomba msikilize vizuri, maana hili lingetokea Dar tu. Bi Adelina alitua kikapu chini. Mie nikakaa nyuma ya kikapu. Ndugu Hilari akasimama nyuma yangu, kalamu sikioni, karatasi ya barua mkononi. Hatukuwa tumefanya lolote. Mama mmoja aliyekuwa anapita akatutazama, akatazama mlango wa duka, akavua kiatu kimoja, akakiweka nyuma ya Ndugu Hilari na kukimbia kwenda kumwita jirani yake.

Baada ya robo saa tulikuwa watu arobaini, ukiwahesabu na mawe ya kushikia nafasi. Mtu akauliza kutoka nyuma kunagawiwa nini. Bi Adelina, ambaye hajui kusema uongo, akajibu ni utajiri wa Kristo. Sauti ikauliza kila mtu kilo ngapi. Mwingine akataka kujua kama wanatoa na kwa Waislamu. Bi Adelina akasema anavyojua yeye wanatoa kwa yeyote, na foleni ikaongezeka.

Sasa mwenye duka alikuwa ndani. Alipochungulia tundu la mlango akaona umati, akamwona mwanamume mwenye kalamu na karatasi yenye mhuri wa balozi, nadhani moyo ulimpasuka. Akafungua mlango mwenyewe, jasho linamtoka, akasema ndugu zangu, msipeleke habari mbali, sabuni nilikuwa nataka kuitoa leoleo. Akaanza kutoa maboksi kutoka chini ya kitanda chake. Watu hawakumtukana. Walipokezana tu maneno mawili kutoka mbele mpaka nyuma ya mstari: kumbe ilikuwepo. Kumbe ilikuwepo.

Nikageuka nikamtazama Ndugu Hilari. Alikuwa anatazama yale maboksi, na kalamu ilimdondoka sikioni bila yeye kujua. Bi Adelina alinunua miche miwili, akaipanga kikapuni, akaniuliza kama bado nasema hivi vitu havibebwi.

Vingunguti na supu

Basi halikuja. Tukaenda kwa miguu kupitia Buguruni, mchana ule jua limetukalia utosini, na tulipofika Vingunguti ile harufu ya machinjio ilitupokea kabla ya watu. Bi Adelina akasema hatakwenda kuombewa na tumbo tupu, kwani atakayemwekea mikono atasikia linavyonguruma.

Tukaketi kwa mama ntilie mmoja nyuma ya machinjio. Supu yake ya utumbo sitaisahau. Nyumbani tulikuwa tumekula unga wa njano majuma mawili mfululizo na maharage ya kuhesabu, na hapa bakuli limejaa, ndimu juu, pilipili pembeni. Nilikunywa mpaka nikaona aibu kuinua macho. Nilipoinua nikakuta Ndugu Hilari hajagusa lake. Mama ntilie akamuuliza kama supu ina kasoro. Akasema hapana, ana kitu kimemkaa hapa, na akajigusa koo. Mama akampelekea chumvi. Nikawaza, ndiyo, mpe chumvi, anaijua. Mnaona nilivyokuwa. Nilikuwa naenda kutafuta utajiri wa roho, na wangu ulikuwa umefikia hapo.

Palepale tukapata lori la ng'ombe linalokwenda Pugu mnadani, tupu. Dereva alitupakia bure alipojua tunakwenda kusali, akaomba tumkumbuke kwa habari ya matairi. Tulisimama tumeshika vyuma, kinyesi mpaka vifundoni, na Bi Adelina akaanzisha wimbo wa pambio. Wapita njia walitupungia wakidhani ni mazishi.

Gongo la Mboto

Mgambo mmoja alisimamisha lori kwenye kizuizi. Aliuliza watu wazima watatu wanafanya nini kwenye gari la ng'ombe siku ya kazi. Ndugu Hilari akatoa barua. Laiti angeiacha mfukoni. Mgambo aliisoma polepole, kidole chini ya kila neno, akafika kwenye utajiri, akasimama hapo. Akatuuliza kama hatujui nchi hii imekataa utajiri. Nikamwambia huu ni wa kiroho. Akasema mabepari wote wana maelezo. Halafu akafunua kikapu cha Bi Adelina akakuta sabuni, miche miwili, wakati mtaa mzima wa kwake wananawa kwa majivu. Basi tukawa walanguzi. Lori likaondoka, sie tukabaki.

Tulikalishwa kwenye benchi la ofisi yao mpaka jua likashuka. Mgambo alitaka kujua sabuni ni ya nani. Bi Adelina alianza kuinua mkono. Kabla hajasema, Ndugu Hilari akasimama akasema ni yake, aliinunua yeye, na kama kuna kosa aandikwe yeye. Wakampa fagio afagie uwanja wote, mzee wa miaka hamsini na kitu, tena kwa kuinama. Mche mmoja ukabaki ofisini kama ushahidi. Nilimwona yule mgambo akiunusa.

Nilikaa pale nikimtazama Hilari anafagia na sikujua nijisikieje. Kumbe mtu huyu anajua pia kusema uongo unaomuumiza yeye mwenyewe. Ilinikera. Nilikuwa nimezoea kumchukia mzima mzima, bila kumkatakata vipande.

Tulipoachiwa, waumini wa hapo wakatupokea, wakatulaza kwenye mikeka ya kanisa, na asubuhi ya Jumapili tukapanda kwa miguu.

Kilimani

Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotegemea, wametoka Kinondoni, Magomeni, Ukonga, kila usharika na watatu wake na wengine kumi waliojiongeza. Mhubiri alikuwa mzee mfupi mwenye koti la baridi lisilofaa kwa Dar, na sauti ndogo iliyotufanya tuache kukohoa.

Nisiwadanganye, alihubiri vizuri. Alisema mmeambiwa duka limefungwa nanyi mkaamini. Ni nani aliwaambia? Mungu hajafunga. Amani imo, msamaha umo, mliwekewa kabla hamjazaliwa, na nyie mnazunguka na makopo matupu mkiomba kwa majirani. Akasema sie ni warithi, na mrithi hapangi foleni nyumbani kwa baba yake, anaingia tu na kuchukua. Watu walilia. Mie nililia. Bi Adelina alilia huku ameshika kikapu. Mbele yangu bwana mmoja wa Magomeni alikuwa anaandika kila neno, na nilipochungulia nikaona ameandika: hakuna foleni.

Mwishoni mzee akasema mchana, baada ya chakula, atamwekea mikono yeyote anayetaka kuombewa, pale mbele ya mlango wa kanisa.

Hata hakumaliza. Watu walitoka mbio. Yule bwana wa Magomeni alikuwa wa kwanza kupanga jiwe. Kabla hujapepesa macho palikuwa na mstari wa mawe kutoka mlangoni mpaka kwenye matangi ya maji, na kati ya mawe kuna ndala, makopo, kofia, mtungi, na mwiko wa mtu aliyekuwa jikoni. Ndugu Hilari ni fundi wa mambo hayo, aliyasimamia miaka kumi. Alitupangia mawe matatu, la kumi na moja, kumi na mbili na kumi na tatu. Langu lilikuwa kipande cha tofali chenye chokaa upande mmoja, aliniambia kupitia kwa Bi Adelina, nisilisahau. Tukaenda kula wali na maharage. Wali mweupe, jamani, sijui waliupata wapi. Tukaongeza.

Tuliporudi mzee alikuwa anafuta mikono.

Alitoka mapema, kumbe, kwa kuwa alikuwa na treni ya kuwahi. Alikuta mawe. Akamuuliza katibu wa semina, kijana wa Kariakoo, hivi ni vitu gani. Katibu akamweleza kwa fahari kwamba Mzee, hawa ni watu, huku kwetu kila jiwe ni mtu, na hakuna anayeruhusiwa kumruka mwenzake. Mzee akatafakari. Kisha akainama akaweka mikono juu ya jiwe la kwanza akaliombea, akaenda la pili, akaombea ndala, akaombea mwiko, mpaka kwenye matangi. Waliomwona wanasema aliomba kwa bidii kabisa, hakuruka hata kofia.

Hapo ndipo mngewaona warithi. Mwenye mwiko alisema haki yake amepata na asimguse mtu. Wawili waligombea jiwe moja, kila mmoja akisema ndilo lake, lililoombewa. Mwingine alidai jiwe lake lilipigwa teke likaondoka kwenye mstari kabla mzee hajafika, na akataka kamati iundwe. Katibu akaanza kuandika majina ya wanakamati. Bwana wa Magomeni alifunga jiwe lake ndani ya leso akaondoka bila kuaga.

Mie nilikuwa nimekasirika mpaka masikio yanalia. Nilimfuata mzee kwenye kibanda cha chai, nikamwamkia, maana adabu ni adabu, kisha nikamwambia nimetoka Mbagala, nimepanda lori la ng'ombe, nimewekwa benchi kama mwizi, na ana haki gani ya kuliombea tofali badala yangu.

Alikuwa anachovya mkate. Akaniuliza, "Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nakula."

"Nimeambiwa jiwe ni mtu. Mtu aliyekuwepo nikamwombea."

"Na mimi je, Mzee?"

"Wewe nilikwambia asubuhi mrithi hapangi foleni," akasema. "Ukaenda ukapanga."

Akauliza treni inapita saa ngapi. Watu wa semina wakamchukua. Mlivyozoea kwenye hadithi, mngetaka nikaelewa papo hapo na moyo ukafunguka. Haukufunguka. Nilimwona mzee mwenye kiburi, na njiani kwenda matangini nilimsema maneno ambayo Sabina hatayasoma.

Ndugu Hilari alinijia akiwa amebeba mawe yetu matatu ndani ya shati lake, kola imechanika. Langu lilikuwa limechukuliwa na mama wa Ukonga, ikabidi avutane naye. Akamkabidhi Bi Adelina, na Bi Adelina akayapanga kikapuni juu ya sabuni.

Kurudi

Jumapili mchana magari hayaruhusiwi, kubana mafuta, kwa hiyo barabara ya Pugu ilikuwa nyeupe, tupu, imekaa kama uwanja wa shule wakati wa likizo. Tulitembea katikati yake. Kikapu cha mawe alikibeba Ndugu Hilari kichwani. Mtu mzima anabeba mawe kutoka kilimani kuyapeleka Mbagala, kana kwamba Mbagala hatuna.

Kabla ya Gongo la Mboto Bi Adelina alisema magoti yake yamefunga kazi. Tukaketi kwenye ukingo wa kalavati. Akajinyoosha, akafumba macho, na kwa mara ya kwanza tangu Mbagala hatukuwa na mtu wa katikati.

Ndugu Hilari alitua kikapu. Akachukua lile tofali langu akalishika kwa mikono miwili, akawa anasema nalo.

"Mama Sabina, ile sukari ilikuwepo."

Nikamwambia, "Rudia."

"Ilikuwepo. Mfuko mzima, nyuma ya magunia ya chumvi. Nilikuona umevaa kaniki nikakwambia imekwisha."

Akaeleza kwamba mkubwa mmoja alikuwa ameagiza mfuko uwekwe kwa ajili ya wageni wake, na yeye aliogopa kufukuzwa kazi. Kazi yenyewe wakamwachisha mwaka uliofuata kwa jambo jingine kabisa. Hakusema hilo ili nimwonee huruma, alilisema kama mtu anayemalizia orodha. Akasema kila Mchungaji alipotukalisha alikuja ameamua kusema, akifungua mdomo linatoka lilelile la imekwisha, kwa kuwa alishalisema mara nyingi mno. Na Kilimani alikwenda kwa sababu moja. Alidhani akiwekewa mikono, mzigo utatoka wenyewe, na hatalazimika kuniambia.

Nililia, nyie. Sikulia kwa ustaarabu, nililia kama siku ile ya msiba, kaniki imenibana na mashemeji wananitazama juu ya vikombe. Miaka minne nilifikiri nataka sukari. Kumbe nilikuwa nataka mtu aseme haya maneno tu, kwamba sikuwa mwongo, sikuwa bahili, kitu kilikuwepo na nilinyimwa. Nilipoweza kusema, nilimwambia na mie nilikwenda kwa sababu hiyohiyo. Nilidhani nikiwekewa mikono, sitalazimika kumsikiliza.

Tukatazama lile tofali. Lilikuwa limeombewa kuliko sie wote wawili na halikuwa na la kufanya. Hilari akaanza kucheka, kicheko kibaya cha machozi, nami kikanikamata. Bi Adelina akafungua jicho moja akauliza kama sasa anaweza kuacha kujifanya amelala, maana mgongo unamuuma.

Sikumwambia nimekusamehe. Sikuwa na uhakika, na nilikuwa nimeshachoka na watu wanaosema lisilokuwepo. Nilimwambia anipe kikapu, zamu yangu. Jumatatu, saa tisa alasiri, tulikuwa Mbagala. Bi Adelina alikata ule mche wa sabuni vipande vitatu. Mzee Shomari alitaka taarifa ya mgao, nikampa jiwe moja.

Jumapili iliyofuata nilikaa kwenye benchi langu. Tulipofika kwenye ile sala sikuwa nimepanga kitu. Ndugu Hilari alikuwa mabenchi mawili mbele, shati lilelile, kola imeshonwa kwa uzi usiofanana. Tukafika pale pa kuwasamehe waliotukosea. Nikasikia mtu karibu yangu anakitamka kifungu chote, kwa sauti iliyokwaruza kama mlango usiofunguliwa siku nyingi, na nikachelewa kidogo kujua kwamba ni mie.

Bi Adelina, ambaye miaka minne amekaa bega kwa bega nami na hajawahi kuniuliza kwa nini nikifika hapo nanyamaza, hakunigeukia. Alingoja amina. Halafu akanisogelea sikioni.

"Kumbe ilikuwepo," akasema.